Kasoro za paneli ya vioo vya rangi: unachokiona na kilichosababisha

Kwenye kazi ya vioo vya rangi, kosa halijitokezi pale lilipofanyika. Mstari wa mchoro uliokuwa mwembamba kupita kiasi utaujua siku ya kupachika, paneli ikigoma kuingia kwenye fremu. Mafuta ya kikatio ambayo hayakuoshwa utayajua wakati wa kulehemu, utepe ukianza kubanduka. Kwa hiyo kabla hujafumua kazi ya mteja, rudi nyuma hatua moja au mbili uangalie huko kwanza.

Maelezo haya ni ya kioo cha unene wa mm 3, kwa njia zote mbili: kanda za risasi zenye umbo la H (moyo katikati, mabawa pande mbili), na utepe wa shaba unaozungushiwa kila kipande kisha ukalehemiwa. Tatizo likiwa la njia moja tu, limetajwa hivyo.

Paneli haiingii kwenye fremu

Hili ndilo linalouma zaidi, maana hugundulika mbele ya mteja.

Anza na kipimo chenyewe. Dirisha lina vipimo viwili: uwazi unaouona kwa macho, na uwazi mkubwa zaidi, kutoka ndani ya mfuo wa fremu hadi ndani ya mfuo wa upande wa pili, pale ukingo wa kioo unapokaa. Mteja akikupa "upana wa dirisha" kwa simu, karibu kila mara amekupa ule wa kwanza. Paneli hutengenezwa kwa ule wa pili. Nenda ukapime mwenyewe: upana mara tatu, juu, katikati na chini, kimo vivyo hivyo, kisha kona hadi kona, njia zote mbili.

Tuseme upana umetoka mm 604, 601 na 603. Unachukua 601, unatoa mm 3 kila upande, paneli inakuwa mm 595. Usichukue wastani, fremu haijui wastani, inabana pale palipo pembamba. Na kama vipimo vya kona hadi kona vinatofautiana kwa zaidi ya mm 5, fremu imekaa upande. Hapo achana na rula, kata kigezo cha kadibodi ngumu, kiingize kwenye mfuo wenyewe, kisha uandike juu yake "juu" na "ndani". Dirisha lenye upinde halina mjadala: ni kigezo tu. Bila kuandika upande wa ndani utakuja kukigeuza mezani bila kujua, na upinde wenye bega moja lililoshuka kidogo hautakusamehe.

Kama kipimo kilikuwa sawa na bado haiingii, basi paneli imekua ikiwa mezani. Hii hutokea kidogo kidogo. Kila kipande kikizidi nusu milimita tu, na safu ina vipande 10, umeongeza mm 5, na karibu nafasi yote uliyoacha imeliwa. Chanzo huwa kwenye mchoro. Moyo wa ukanda wa risasi una unene wa karibu mm 1.75, kwa hiyo mstari wa mchoro nao uwe na unene huo, na kioo kikatwe ndani yake bila kugusa wino. Ukichora kwa kalamu ya mm 1, umekosea kabla hujashika kikatio. Kwa utepe wa shaba mwanya ni mdogo zaidi, kama mm 0.8, ndiyo maana mchoro wa njia moja hautumiki kwenye njia nyingine.

Dawa ni kupima wakati unajenga. Pigilia papi mbili za mbao kwenye plaiwudi, zikutane kwa skwea, anzia kwenye kona hiyo, na kila ukimaliza safu pima kutoka kwenye papi hadi ukingo wa nje. Ikizidi mm 1, tafuta kipande kilichozidi na ukisage hapo hapo. Usijiambie utafidia kwenye safu ya mbele. Safu ya mbele nayo itakuwa na ya kwake. Angalia pia kama kioo kimezama hadi kwenye moyo wa ukanda. Mara nyingi kipande hakijazidi, ila bawa limejikunja na kukizuia njiani. Fungua mabawa kwa kijiti, kirudishe, kigonge taratibu kwa kipande cha mbao.

Na kama imeshamalizika? Paneli ya risasi yenye ukanda mpana pembeni, wa mm 10 au 12, ina akiba: mfereji wa nje ni mtupu, na mabawa yake unaweza kuyapunguza kwa kisu kikali kiasi cha mm 2 hadi 3 kila upande. Hiyo ndiyo sababu mafundi hupenda ukanda mpana pembeni, ingawa wateja hudhani ni urembo. Yenye ukingo wa zinki wa umbo la U haina akiba hiyo. Hapo unang'oa ukingo, unasaga safu ya nje, unaanza tena ukingo.

Kioo kinamegeka nje ya mchanjo

Sikiliza gurudumu la kikatio. Mchanjo, yaani mstari ambao gurudumu hilo linaukwaruza juu ya kioo, ukiwa mzuri una sauti moja isiyokatika, kama zipu inayofungwa, na alama yake ni nyembamba kama unywele. Ukiona unga mweupe au vipande vidogo vinaruka pembeni ya mstari, unakandamiza mno. Nguvu hiyo haiongezi kina bali inapasua uso wa kioo pande zote, na ufa unapofuata unachagua njia yake. Sauti ikikatika katika, gurudumu limekauka mafuta, lina pengo, au kioo kina vumbi.

Mstari mmoja huchanjwa mara moja tu, kutoka ukingo hadi ukingo. Kurudia juu yake huharibu gurudumu na kuzaa nyufa mbili zinazoshindana. Ukiruka sehemu, iache. Kioo chenyewe mara nyingi kitapavuka. Kisha mega mara moja, usiuache mchanjo ukae mezani wakati unanywa chai.

Kioo chenye vipele au mawimbi upande mmoja huchanjwa upande laini. Kioo chenye maziwa, kile kisichoonyesha ng'ambo, ni kigumu zaidi na huhitaji mkono mzito kidogo, lakini jaribu kwanza kwenye chakavu cha karatasi hiyo hiyo ya kioo, maana vioo vya rangi mbili tofauti kutoka kiwanda kimoja havikatiki sawa.

Kama kinachovunjika kila mara ni umbo lile lile, acha kulaumu mkono. Mviringo unaoingia ndani sana, pembe ya ndani yenye umbo la L, na ncha nyembamba kama sindano ni makosa ya mchoro. Mviringo wa ndani wa wastani hutolewa kwa matao: chanja mstari wa mwisho kwanza, kisha chanja matao mawili au matatu yanayoingia ndani hatua kwa hatua, na uyatoe moja moja kwa koleo, ukianza na la nje. Pembe ya L haina ujanja wa kudumu. Hata ukifanikiwa kuikata, itapasuka baadaye kwenye kona ya ndani kwa joto la kulehemu au kwa upepo. Ongeza mstari mmoja kwenye mchoro, ugawe kipande hicho mara mbili, na umweleze mteja kabla hajasaini mchoro.

Utepe wa shaba: kubanduka, kutoboka, mawimbi

*Utepe unabanduka, kabla au wakati wa kulehemu.* Gundi imepakwa juu ya uchafu. Unga wa kusagia na mafuta ya kikatio hubaki kwenye ukingo hata kama uso unang'aa. Osha kila kipande kwa maji na sabuni, kausha kabisa, ndipo ufunge. Baada ya kufunga, kandamiza utepe kwa kijiti cha mbao au plastiki, ukingoni kwanza, kisha pande zote mbili. Mwanzo na mwisho wa utepe vipishane kama mm 5, na mahali pa kupishana pawe upande wa ndani wa paneli, siyo kwenye ukingo wa nje. Kuna sababu nyingine inayosahaulika: kukaa na pasi ya kulehemia mahali pamoja. Gundi haivumilii joto la muda mrefu. Mshono ukikukataa mara mbili, uache upoe, urudi baadaye.

*Lehemu inadondokea upande wa pili.* Mwanya kati ya vipande ni mkubwa au pasi ni ya moto mno, na mara nyingi ni vyote viwili. Lehemu ya 60/40 (bati 60, risasi 40) huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na huwa maji kabisa karibu na 190. Ile ya 50/50 huanza pale pale lakini hubaki nzito kama uji hadi karibu 215. Kwa hiyo mianya zibia kwa 50/50, kisha malizia uso kwa 60/40. Weka karatasi au kitambaa chenye unyevu chini ya mshono ili upande wa pili usitoke na vinundu.

*Mshono una mawimbi au ncha zilizosimama.* Pasi imepoa, au unaipiga piga badala ya kuiburuta. Ncha ya pasi ikiwa karibu nyuzi 370 na pasi yenyewe ikiwa na wati 80 hadi 100, lehemu hufuata mkono. Pasi ndogo ya kutengenezea redio haitakufikisha popote hapa: utepe na kioo vinaiibia joto haraka kuliko inavyolirudisha.

*Mshono una vitundu vidogo.* Hiyo ni fluksi (dawa inayopakwa kwanza ili lehemu ishike) iliyochemka chini ya lehemu. Umepaka nyingi. Futa, paka safu nyembamba, pitisha pasi tena. Mshono bapa wenye rangi ya shaba pembeni hauna ugonjwa wowote isipokuwa njaa. Ongeza lehemu hadi mshono uinuke na kuwa na mgongo wa mviringo.

Kanda za risasi: maungio yanakataa au yanayeyuka

Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327. Linganisha na lehemu yako ya 190 na utaona nafasi uliyo nayo: inatosha, lakini si ya kuchezea. Pasi iliyoachwa bila kidhibiti hupita nyuzi 400, na ukanda ukiguswa kwa joto hilo kwa sekunde tatu hutoweka, ukakuachia shimo. Jaribu kila mara kwenye kipande cha ukanda chakavu. Pasi sahihi huyeyusha lehemu kwa sekunde moja au mbili, lehemu ikalala bapa kama sarafu, na ukanda ukabaki na umbo lake. Gusa kwa ubavu wa ncha, shusha, hesabu moja, inua wima.

Lehemu ikijikusanya kama shanga na kubiringika, risasi ina kutu, ule utando wa kijivu usiong'aa. Sugua kila ungio kwa brashi ndogo ya waya hadi ling'ae, paka fluksi, lehemu siku hiyo hiyo. Kusugua jana na kulehemu leo ni kazi bure.

Shimo lililotokana na ncha za kanda kutokutana halizibwi kwa lehemu peke yake. Mwanya ukizidi mm 1, kata kijipande cha risasi, kisukume humo, ndipo ulehemu juu. Lehemu iliyojazwa kwenye mwanya mtupu hupasuka paneli inapoinuliwa, na ungio lililopasuka ndilo linaloanza kulegeza majirani zake.

Ukanda unaopinda pinda na kuyumba baada ya kujengwa haukuvutwa. Kabla ya kutumia, bana ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa koleo, vuta taratibu hadi ukanda wa mita 2 urefuke kwa sentimeta chache na kunyooka wenyewe. Simama mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine. La sivyo, ukanda ukikatika utajikuta chini.

Neno juu ya risasi yenyewe, maana haina harufu wala ladha ya kukuonya. Joto la kulehemu halifikii kutoa mvuke wa risasi wa kutisha. Moshi unaouona ni wa fluksi, nao utolewe kwa feni. Hatari ya risasi iko kwenye mikono na vumbi. Usile wala kuvuta sigara mezani, nawa kabla ya kugusa chochote, futa meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kukavu, na nguo za kazi zisifike walipo watoto.

Kipande kimepasuka wakati kila kitu kilikuwa kizima

Tazama ufa unaanzia wapi. Ukianzia kwenye ungio, ni joto: pasi ilikaa mno karibu na ukingo wa kioo. Ukianzia katikati ya ukingo mrefu, kipande kilibanwa. Kuna punje ya kioo au kona ya ukanda iliyokisukuma. Ufa unaovuka vipande kadhaa kwa mstari mmoja ni wa kuinua vibaya. Paneli mbichi haiinuliwi ikiwa imelala. Itelezeshe hadi ukingo wa meza, iache nusu yake itoke nje ikiwa na ubao chini, kisha isimamishe wima kwa mwendo mmoja. Mita moja ya mraba ya kioo cha mm 3 ina kilo 7.5 bila risasi wala lehemu, na uzito wote huo hukaa kwenye maungio unapoikunja.

Kubadilisha kipande si kufumua paneli. Kwenye risasi, kata maungio yaliyo kwenye kona za kipande hicho, inua mabawa ya upande mmoja kwa kijiti hadi yasimame, chanja kioo kibovu misalaba mingi, gonga kutoka nyuma, toa vipande kwa koleo. Chukua kigezo kutoka kwenye tundu lenyewe, siyo kwenye mchoro wa zamani, kwa kuwa paneli imeshatembea kidogo. Ingiza kipya, rudisha mabawa, lehemu maungio. Kwenye utepe wa shaba, toa kioo kwanza, kisha pasha mshono na uvute utepe wa zamani kwa kibano wakati lehemu ikiwa maji.

Vioo vinacheza, au mvua inapenya

Gonga paneli kwa kifundo cha kidole. Ikitoa mlio wa vyombo kwenye sinia, puti haikuingia. Puti ndiyo inayofanya kioo na risasi viwe kitu kimoja. Bila yake una vipande vilivyopangwa tu. Changanya sehemu 2 za mafuta ya kitani yaliyochemshwa na sehemu 1 ya tapentaini, ongeza unga wa chaki hadi upate uji mzito unaoanguka kijikoni kwa donge, na masizi kidogo kwa ajili ya rangi. Isukume chini ya mabawa kwa brashi ngumu, kutoka pande zote, kwenye nyuso zote mbili. Nyunyiza chaki kavu juu, sugua, funga mabawa kwa kijiti, safisha kandokando ya kanda kwa kijiti chenye ncha.

Puti iliyobaki laini baada ya wiki mbili ilikuwa na mafuta mengi, au mafuta mabichi. Iliyopasuka pasuka ilikuwa na chaki nyingi. Na paneli iliyopinda wakati puti inakauka haikulazwa bapa. Ilale siku kadhaa, kila uso kwa zamu. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike kwenye ndoo ya taka, kwani hujipasha joto vyenyewe hadi kuwaka. Vitandaze nje vikauke.

Mteja amepiga simu

Malalamiko ya baada ya kupachika ni machache, na karibu yote yana jibu.

"Imevimba katikati." Hakuna nondo, au mchoro una mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, unaofanya kazi kama bawaba. Dirisha la nje kwa kawaida hupewa nondo kila sentimeta 45 hadi 60, iliyokaa kwenye fremu yenyewe, siyo kwenye paneli. Nyaya za shaba hulehemiwa kwenye maungio, kisha husokotwa kuizunguka nondo. Uvimbe mdogo unaweza kurudishwa kwa kulaza paneli juani na uzito mwepesi juu, kabla ya kuongeza nondo. Uvimbe uliokwisha kupasua maungio unahitaji kanda mpya.

"Kuna unga mweupe kwenye mistari." Ukiwa kwenye mishono ya shaba, fluksi haikuoshwa: osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kausha, paka nta. Ukiwa kwenye risasi na ukarudi baada ya kufutwa, nusa silikoni iliyotumika kupachika. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi ya siki wakati inaganda, na asidi hiyo hula risasi. Mbao za mwaloni hufanya vivyo hivyo mahali pasipo hewa. Tumia silikoni isiyo na asidi. Unga huo una risasi, kwa hiyo ufutwe kwa kitambaa chenye maji, na mteja asiusugue akiwa amekauka.

"Weusi wa mishono una mabaka." Dawa ya kuweusha ilipakwa juu ya fluksi au alama za vidole. Sugua kwa pamba ya chuma laini, osha, kausha, paka tena.

"Rangi si zile nilizochagua." Hapa fundi hana pa kujificha kama sampuli zilichaguliwa mezani. Kioo cha rangi husomwa na mwanga ukiwa nyuma yake, kikiwa kimesimama wima, kwenye dirisha lenyewe na saa ambayo chumba kinatumika. Nyekundu na buluu iliyokoza zinazopendeza kwenye jua kali hugeuka nyeusi kwenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mweleze pia mapema kwamba usiku mambo hugeuka: akiwa ndani taa zikiwaka, ataona giza na mistari tu, na rangi zitamwonekea anayepita nje. Kwa chumba kinachotumika zaidi usiku, kioo chenye maziwa husaidia, kwa sababu hurudisha sehemu ya mwanga wa taa ndani.

"Mtoto amevunja kipande kimoja." Utashukuru kama ulitunza mchoro wa ukubwa kamili na kipande cha angalau sentimeta 15 kwa 15 cha kila kioo, kikiwa na karatasi iliyobandikwa: jina la rangi, namba ya kiwanda, na mshale wa upande ambao mistari ya kioo inalala. Karatasi mbili za kioo zenye namba moja, zilizotoka kwenye tanuri siku tofauti, zinaweza kupishana rangi kiasi cha kuonekana kutoka upande wa pili wa chumba.